Wenyeji wa Mikono Miwili

Wadogo zangu wa maabara, kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Najua mlitaka vipimo, viwango vya joto na siri ya kupaka rangi kioo bila kujipaka mwenyewe. Hayo mnayo ukutani, na mkiyasahau mtaiuliza simu. Mimi nitawaandikia habari za bakteria, wale wanaoishi ndani yetu na juu yetu kwa amani, kwa sababu niliwapenda kabla sijampenda mume wangu. Yeye analijua hilo na ameshazoea.

Nani alipandishwa cheo lini, nani alipewa ofisi yenye dirisha, tuyaache. Naanzia siku ya kwanza.

Siku hiyo nilifika kliniki na viatu vipya vilivyonibana, nywele zimesukwa, mikono imesuguliwa kama ya mtu anayekwenda kupokea komunyo. Mkuu wa chumba cha bakteria alikuwa Papa Kabamba, mtu mfupi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, miwani yake imefungwa kwa plasta. Nilitegemea hotuba. Badala yake akanisukumia sahani ndogo ya gélose, ule mchuzi uliogandishwa tunaowalishia bakteria, akasema:

"Weka bidole."

"Bidole yangu, Papa? Lakini minatoka kunawa."

"Njo muzuri. Weka."

Nikabonyeza vidole vyote vya mkono wa kulia. Akaandika jina langu, Odette, akaiingiza sahani kwenye étuve, lile kabati la joto, kisha akanituma kuosha chupa hadi jioni. Kesho yake akanirudishia sahani. Pale nilipoweka kidole gumba palikuwa na madoa meupe yaliyotapakaa kama unga wa mahindi uliomwagika. Kwenye kidole cha shahada yalikuwa ya njano. Na pembeni kabisa doa moja la rangi ya chungwa limekaa peke yake, likijiona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi, binti wa Mama Kapinga, mwanamke aliyetoka Kasai na ndoo na brashi, ambaye ungeweza kula sakafuni kwake!

"Papa, niko muchafu," nikasema.

"Hapana. Hauko peke yako, njo ile tu. Hawa beko ba kwako tangu mama yako alikuzala. Basalimie."

Nikadhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki hata kidogo. Alisimama mikono mgongoni akingoja, mpaka nikaiinamia sahani nikasema, "Jambo yenu." Kisha nikaanza kucheka, na kusema kweli sijaacha.

Papa Kabamba alinifundisha mwili kama mtu anayemtembeza mgeni mjini. Kwenye ngozi wapo wale weupe, wanakula jasho na mafuta yetu, na kwa sababu wamejaa kila pahali adui akija hapati kiti. Utumboni wamo colibacille na wenzake, hawahesabiki, wanamalizia chakula kilichotushinda na kututengenezea vitamini K, ambayo ikikosekana damu haigandi vizuri ukijikata. Sisi wanawake tunao walinzi wetu wa faragha, wanaotengeneza uchachu kama wa maziwa yaliyoganda ili wabaya wapachukie mahali pale. Mtoto naye huja duniani karibu mtupu, na wa kwanza anawapata kwa mama yake, njiani anapotoka na kifuani anaponyonya. Nilipoyajua hayo nilitembea mjini nikitabasamu peke yangu. Nilimwona bwana mmoja na suti yake na mkoba wake, uso umekunjwa kwa umuhimu, nikawaza kwamba huyu amebeba taifa zima tumboni na hajui. Ilibidi nijifiche nyuma ya muuza viatu ili nicheke.

Lakini msinielewe vibaya. Papa Kabamba hakuwasifu bila mipaka. Alisema kila mmoja akae kwake. Colibacille akiwa utumboni ni mfanyakazi mwema, akiingia kwenye njia ya mkojo ni homa na machozi. Na mikono tunanawa, kabla ya kula na baada ya choo, kwa maji na sabuni, ili tuwaondoe wageni tuliowaokota njiani. Wenyeji wanabaki, wao wamejishikiza vizuri. Nikisikia mmoja wenu anasema kwamba Mama Odette alistaafu akakataza watu kunawa, nitarudi kazini kwa ajili ya kumtwanga kofi tu.

Kuhusu vyombo, ninyi mmekuta vizuri. Étuve yetu ya zamani ilizimika kila umeme ulipokatika, na umeme ulikatika kama mtu anavyopepesa macho. Sasa bakteria wa mwili wanapenda nini? Joto la mwili. Basi siku courant ikigoma, Papa Kabamba alinipa mirija iliyofungwa vizuri, nikaiweka kifuani chini ya kitenge, nikakaa nayo kutwa nzima. Waliota vizuri kuliko kwenye kabati. Mama mmoja aliyekuja kupimwa malaria aliniuliza ninanyonyesha nini hapo. Msiige, siku hizi ni marufuku, na ni haki iwe marufuku. Lakini sitawadanganya, nilijisikia mama.

Uani tulikuwa na kondoo pia, kwa ajili ya damu ya kuchanganya kwenye gélose. Katika kliniki nzima yeye ndiye pekee aliyetolewa damu bila kulalamika. Ikikaribia Pasaka tulimlinda kwa zamu, maana wapishi walikuwa wameanza kumsalimia kwa upole usio wa kawaida.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ninayoipenda ni ya mwimbaji wa kwaya, sauti nzito, mwanaume mpana kama mlango wa kanisa. Kila akikohoa alinunua vidonge vya antibiotiki vya barabarani, akameza, na akimaliza akanunua tena ili koo likae safi kwa misa. Siku moja kinywa chake kikageuka cheupe chote, ulimi umevimba, hawezi hata kumeza mate. Akaja kwetu analia kwamba amerogwa na mwimbaji wa pili. Papa Kabamba akachukua kidogo kwa pamba, akakiangalia kwenye darubini, akamgeukia.

"Hakuna mulozi hapa. Kinywa yako ilikuwa na bantu ya kazi, ulibaua bote na ile ma-comprimé. Sasa champignon eko peke yake, anafanya fête."

Kuvu yule alikuwepo kinywani tangu zamani, mchache, mnyonge, akibanwa na majirani. Majirani walipokufa akarithi nyumba. Daktari alimpa matone ya kuua kuvu, ila sehemu kubwa ya dawa ilikuwa ni kuacha dawa, na hapo ndipo penye kazi. Mtu unaweza kumfanya ameze kitu chochote. Kumfanya asimeze kitu, kaeni mbali! Alirudi kutubembeleza tumpe hata kidonge kidogo cha kumtuliza roho. Papa Kabamba alimpa pipi ya mnanaa.

Alipostaafu Papa Kabamba aliniachia miwani ya akiba, kondoo, na desturi ya vidole. Kila mgeni aliyeingia maabara akiwa chini yangu alibonyeza vidole kwenye gélose siku ya kwanza, akasalimia. Wengine walilia, wengine waliapa kununua sabuni mpya. Na ndivyo nilivyompata Nadine, na ndivyo nusura niharibu, au tuseme nusura ulimwengu uniharibie, harusi ya mwanangu.

Nadine alitoka Sakania, mpakani, ambako baba yake anafanya biashara ndogo na Zambia. Alisomea huku, chuo cha Kasapa. Siku yake ya kwanza aliitazama sahani yake akapiga makofi. Sikuwahi kumwona mwingine aliyepiga makofi. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Alieneza bakteria kwenye gélose bila kuikwaruza, wakati wengine mnaichimba kama mnatafuta shaba. Niseme wazi, nilimpenda kama binti.

Mwanangu Patrick alikuja siku moja kuniletea simu niliyoisahau nyumbani. Nadine alikuwa anatafuta jino la kuwaonyeshea wanafunzi, akamwambia afungue kinywa. Patrick akafungua, mtoto wangu ambaye daktari wa meno alihitaji watu wawili kumshika. Nadine akakwangua kidogo kwa kijiti, akaweka kwenye kioo, akamkalisha mbele ya darubini.

"Unabaona? Bale banakimbia?"

"Bote beko ba kwangu?"

"Bote."

"Bengi vile!" kapera wangu Patrick akasema, jicho bado limegandia pale. "Na miye nilifikiri niko célibataire."

Nikatoka nje kwenda kumsalimia kondoo, maana niliona chumba kimekuwa kidogo. Mambo yakaenda mbio. Familia zikatembeleana, siku ya dot, yaani sherehe ya mahari, ikapangwa. Na hawa wawili, badala ya kwenda studio kupiga picha ya uchumba kama Wakristo wengine, wakachukua sahani kubwa ya gélose, wakabonyeza mikono yao miwili ubavu kwa ubavu. Bakteria walipoota Nadine akapiga picha. Mikono miwili ya madoa meupe na ya njano, na pale vidole vya mwisho vilipogusana wamechanganyika. Akaiweka kwenye status yake, na moyo mwekundu, na maneno: "Siye babili, na bantu yetu yote."

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Wifi yangu Honorine naye aliiona.

Lazima niwaeleze Honorine, la sivyo mtamcheka bure. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiyo maana namwita Yaya. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa msichana, akawalea wadogo zake wote katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Kipindupindu kilipopita pale kiliingia nyumba kwa nyumba. Kwake hakikuingia. Alichemsha maji, akasugua, akapiga Javel, ile dawa kali ya kusafishia, kila pahali, na hakuna mtoto aliyefia mikononi mwake. Tangu hapo hajaacha. Anaosha ndizi kwa sabuni kabla ya kuimenya. Benchi la kanisani analipangusa kabla ya kupiga magoti. Na katika familia ya mume wangu, siku ya dot, shangazi wa bwana arusi ndiye husema neno la mwisho. Akisema ndiyo, watu wanakula. Akinyamaza, kila mtu anachukua kofia yake.

Alikuja kwangu, akakataa kiti, akaninyooshea simu.

"Odette. Hiyi ni nini?"

"Yaya, ni mikono ya batoto. Ni ba bactéries ya kawaida. Kila muntu eko nabo."

"Miye hapana."

"Hata weye, Yaya."

"Ule mwanamuke iko na mingi kupita ya mutoto yetu. Angalia muzuri. Hapa katikati, anaanza kumupatia!" Akanionyesha viganja vyake. "Miye nililea bwana yako na hii mikono. Kolera ilipita mu camp, kwetu haikuingia. Juu ya nini? Juu nilikuwa nasafisha."

Ilikuwa kweli. Kipindupindu ni mgeni mwuaji, na yeye alimfungia mlango.

"Ule mutoto aache ile kazi ya badudu," akasema. "Akiacha, siku ya dot nitasema ndiyo. Asipoacha, sitasema kintu. Na bukari yenye anasonga na ile mikono, siwezi kula."

Mume wangu, aliyekula bukari, ugali wa kwetu, mikononi mwa dada yake tangu utoto, akatazama dari. Patrick akasema ataoa hata shangazi anyamaze mpaka Pentekoste. Lakini asubuhi iliyofuata Nadine alikuja ofisini kwangu na blouse yake nyeupe, koti la maabara, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Mama Odette, naacha. Sitaki Patrick apoteze shangazi yake juu yangu."

Niliinyang'anya ile blouse nikaikalia. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, na sioni haya kusema. Msichana huyu alizaliwa kwa kazi hii. Nilikuwa nimempata mrithi wa meza yangu na mke wa mwanangu katika mtu mmoja, na sasa naambiwa nichague nusu. Nikamwambia angoje hadi siku ya dot. Akakubali, ila akaniambia wazi kwamba shangazi akinyamaza siku hiyo, blouse itarudi.

Nikamwalika Honorine maabara abonyeze vidole vyake. Alikuja mbio, kwa sababu alikuwa na hakika ya kushinda. Alinawa, akasugua kwa brashi, akanawa tena, akatuangalia kama bingwa wa ndondi anayesubiri kengele. Nikaweka na sahani nyingine tupu kando, isiyoguswa na mtu, ili asije kusema bakteria wametoka kwenye chakula chetu. Siku ya pili sahani tupu ilikuwa tupu. Ya Honorine ilikuwa sherehe! Weupe, wa njano, wa rangi ya chungwa wawili. Nadine alisahau kabisa hatari iliyokuwa mbele yake, akasema kwa furaha, "Mawee, Tantine, beko bazuri sana!" akawapiga picha kwa simu.

Honorine aliisukuma sahani mbali naye. Kisha akasema, "Basi njo hewa ya hapa," akabeba mkoba wake akaenda.

Kuanzia hapo ilikuwa vita. Javel asubuhi, Javel mchana, alkoholi katikati. Alitembea na chupa. Hakumsalimia mtu kwa mkono, na kanisani wakati wa kutakiana amani aliinamisha kichwa tu kama malkia. Wiki zikapita, dot ikakaribia, nami nikawa nahesabu kila tabasamu la wifi yangu kama ishara. Kisha Jumapili moja Honorine akaja misani amevaa gloves nyeupe. Mume wangu akasema dada yake ameanza kupendeza uzeeni. Mimi nilizitazama zile gloves nikaona doa la njano kwenye kiungo cha kidole gumba.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo na kuku wa kuchoma, ili nisionekane nimekwenda kupeleleza. Nikamwomba avue gloves. Alikataa, akakataa, mwishowe akavua. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, imekauka kama udongo wa kiangazi, na kidole gumba kimevimba, usaha umetengeneza ganda. Mikono ile iliyolea watoto! Nililia, nimeshika kuku.

"Twende kliniki, Yaya."

"Siwezi. Ule mutoto ataniona."

"Ataona kidole. Anaona bidole kila siku."

Maumivu yakanisaidia kubembeleza. Nadine ndiye aliyemchukua usaha kwa pamba. Aliushika ule mkono kama anashika yai, akapuliza kidogo kabla ya kugusa, kama tunavyofanya kwa watoto. Honorine aliangalia ukuta muda wote, lakini niliona alikuwa anausikia upole wa mkono ule. Daktari akampa dawa, akamkataza Javel, akamwambia apake mafuta.

Aliporudi kwa majibu alitaka kuona mwenyewe. Nadine akaweka sahani mezani. Safari hii hapakuwa na sherehe. Madoa yote yalikuwa ya aina moja, mazito, ya dhahabu, yamejipanga kama askari. Ni staphylocoque doré, mkorofi anayejulikana. Kando yake Nadine akaweka simu yake yenye picha ya sahani ya kwanza. Honorine akatazama huku, akatazama kule.

"Bale beupe beko wapi?"

"Javel ilibaua, Tantine. Na ngozi ikapasuka. Huyu wa doré alikuta fasi wazi, akaingia."

Honorine akavuta kiti. Yeye mwenyewe, bila kukipangusa. Akakaa, akaivuta sahani karibu.

"Sawa parcelle yangu ya Kasapa," akasema.

Hatukumwelewa. Akatueleza, akiangalia ile sahani. Alikuwa na kiwanja upande wa Kasapa, akamweka binamu yake Célestin akae pale kwenye kibanda, awe anaonekana tu, maana mjini kwetu kiwanja kisicho na mtu hakikawii kupata mwenye karatasi. Lakini Célestin alikuwa na kuku ovyo, na nguo alizianika kwenye ua, na majirani walikuwa wanasema. Honorine akaona haya, akamfukuza. Haukupita muda, watu asiowajua walikuwa wameshachimba msingi.

"Nilifukuza Célestin juu hakuwa anafagia," akasema. Akainua mkono wake uliofungwa bandeji, akautazama mbele na nyuma. "Na sasa nimefukuza ba-Célestin tena."

Niliuma mdomo. Nadine aliuma mdomo. Kisha Honorine mwenyewe akatoa sauti ndogo puani, na tukaanguka wote watatu. Tulicheka hadi mganga mkuu akaja kuuliza nani amefariki. Nadine akafuta machozi, akamgusa bega.

"Batarudia, Tantine. Bengine balijificha chini kwa ngozi. Bengine utabapata kwa bantu banakusalimia. Ubaache tu bakae."

Honorine akatikisa kichwa. Kuhusu dot hakusema chochote, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mikono ikapona polepole. Nikimtembelea alizungumzia mvua, bei ya makaa, misa. Mume wangu alisema dada yake akinyamaza hivi ameshaamua, ila hata yeye hakujua ameamua nini. Usingizi wangu ukaniaga.

Siku ya dot tulikuwa uani kwa mjomba wa Nadine, Katuba. Viti vya plastiki, hema la bluu, muziki mkubwa mno. Baba yake alikuwa amefika kutoka Sakania na koti lake zuri. Wasemaji wa pande mbili walitaniana kama kawaida, wakatupiana mafumbo, wakaletewa kinywaji. Kwenye meza ndefu bukari aliyoisonga Nadine ilikuwa inafuka moshi chini ya sahani. Nadine alikaa katikati, amefunikwa kitenge, na nilijua kwenye mkoba wake kuna blouse imekunjwa. Msemaji wetu akaita, "Shangazi wa bwana arusi."

Honorine akasimama. Hakuwa na gloves. Nilimkamata mume wangu mkono mpaka akalalamika. Wifi yangu akavuka ua wote taratibu, akafika mbele ya Nadine, akamfunua kitenge.

"Leta mikono."

Nadine akainyoosha. Honorine akaishika, akaanza kuisugua kwenye yake, kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono kwa mgongo wa mkono, katikati ya vidole, bila haraka, kama mtu anayejipaka mafuta kabla ya kwenda kanisani. Watu wakasogeza viti waone. Hata muziki mtu aliuzima.

"Nipatie ba kwako," akasema. "Na weye ukamate ba kwangu. Batazoeana." Kisha akageukia ua mzima, sauti ile ya kambini. "Miye nasema ndiyo! Na huyu mutoto asiache kazi. Akiacha, nani ataangalia mikono yangu?"

Vigelegele vikapasua hema. Patrick akaruka juu ya kiti, kiti kikavunjika. Nadine analia, anacheka, hajui aanze na kipi. Mimi kilemba kilianguka nami sikukiokota. Mjomba wa Nadine, mtu wa taratibu, akamsogelea mume wangu, akauliza kwa heshima kama kusuguana mikono ni desturi ya kwetu. Mume wangu alikuwa hajawahi kusema uongo tangu nimjue. Akamwangalia dada yake, akakohoa.

"Ya zamani sana," akasema.

Basi mnafikiri kilitokea nini? Wakapanga mstari! Wajomba, mashangazi, binamu, msemaji wa kwao na msemaji wa kwetu, wote wakasuguana mikono wawili wawili, kwa uso wa ibada, ili bukwe yetu, undugu wetu huu mpya wa wakwe, ianze vizuri. Katika watu wote wale, watano tu tulijua nini kinabadilishwa pale, na hatukuweza kuangaliana. Mwisho kabisa baba yake Nadine, mtu mwangalifu wa mpakani, akarudi kando, akatoa mfukoni kichupa cha alkoholi ya mikono, akakifungua.

Honorine akamwona kutoka upande wa pili wa ua.

"Papa Nadine! Rudisha hiyo mu mufuko! Unataka kuua bukwe?"

Akakaza kifuniko cha kichupa mbiombio, akakirudisha mfukoni kama mtoto wa shule. Ndipo wifi yangu akakaa mezani, akanawa kwa maji na sabuni kidogo kama mtu yeyote, akamega bukari ya Nadine, akala, akaomba aongezewe.